Mke Wangu Kapewa Kikosi, Mimi Nimepewa Chama cha Wake

Mshauri wangu, nishike mkono kabla sijabomoa nyumba yangu mwenyewe. Mimi ni seremala, mke wangu ni mwanajeshi, na wiki hii ameteuliwa kuwa mkuu wa kikosi chake, ambacho picha za wakuu wake waliopita zimetundikwa bwaloni, wanaume watupu, weupe watupu, hakuna hata mmoja wa rangi yetu, sasa picha inayofuata ni yake, nami nilipoambiwa nililia mbele ya wateja bila aibu, maana nimemwona akirukwa cheo na vijana aliowafundisha yeye, akameza, kesho yake akapiga buti rangi akaenda kazini.

Tatizo ni mila ya kikosi, mwenzi wa mkuu ndiye mwenyekiti wa chama cha wake wa maofisa, anaketi nao kila mwezi, anatembelea waliojifungua, anawafariji ambao waume zao wako mstari wa mbele, basi wenzangu wa karakana wamepata la kusema, wananiita Mama Kamanda, hasira zikanipanda nikamwambia mke wangu siendi ng'o, akavua kofia taratibu, akasema, "Usipokuja, watasema hata nyumbani kwangu sikubaliki. Afadhali nikatae." Jibu analipeleka Ijumaa. Nampenda, mshauri, ila nitaketije na wake za watu?

Mume wa Afande

Mume wa Afande, pole, lakini nitakusema. Mkeo amedharauliwa miaka kwa rangi yake na kwa uanamke wake, hakurudi nyuma hata hatua. Wewe umetaniwa jina moja tu, umeweka silaha chini. Wakikuita Mama Kamanda, itika kwa sauti, watachoka wenyewe.

Halafu, mama ambaye mumewe yuko mstari wa mbele hatafuti mwenyekiti mwenye gauni. Anatafuta mtu anayejua kukaa na simu mkononi akiomba isilete habari mbaya. Kazi hiyo umeifanya miaka yote, kaka yangu, bila chama.

Kwa hiyo leo, usingoje Ijumaa, funga karakana mapema, umwambie uso kwa uso, "Kubali, nakuja." Usiongeze "lakini". Siku ya kutambulishwa vaa suti, kaa mbele, piga makofi mpaka viganja viwake moto. Waliomnyima vyeo walishindwa kumzuia mwanamke huyo. Isije ikawa wewe unayempenda ndiye uliyeweza.