Unguja Hadi Pemba ni Yasini Ngapi

Chake Chake, Pemba

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Kaka Salim anayekusomea barua hii mwambie asome polepole, asiruke maneno kama kawaida yake. Miguu yaendeleaje? Huko Mtongwe mvua imenyesha, au bado mwachota maji kwa jirani? Mimi ni mzima, na huyu aliye tumboni ni mzima kunishinda, hanipi usingizi kwa mateke.

Naandika kwa sababu kwenye simu hatumalizi. Nikikutajia safari yako ya kuja huku waniuliza nimekula nini. Ulikubali kwamba ndege kubwa ya Mombasa mpaka Unguja utaipanda, tena utapita njia ya Dongo Kundu mpaka uwanjani, usiione hata feri. Unayoiogopa ni ile ndogo, ya kutoka Unguja kuja huku kwetu Pemba. Nikakwambia ni karibu, nikakutajia na kilomita. Ukanijibu, "Hizo kilomita mimi sizijui. Nambia, ni Yasini ngapi mpaka nishuke?"

Basi nimekupimia. Juzi daktari alinituma Unguja kupimwa, nikaona ndiyo fursa. Ndege yenyewe ni ndogo kweli, rubani wamwona kisogo. Magurudumu yalipoachana na ardhi tu nikaanza kuisoma sura. Nilisoma Yasini mbili nzima, na ya tatu ilikuwa katikati tulipotua. Nikasema, kumbe ni mbali, mamangu haji.

Kurudi nilikaa dirishani. Nikaanza vilevile, lakini wallahi bahari ilinishinda. Penye mwamba maji ni kijani, mbele yake ni buluu ya wino, kisha fungu la mchanga mweupe peke yake, hakuna mtu. Nikawa nasoma aya, natazama, nairudia ile ile. Tulitua sijamaliza hata moja.

Hapo nikataka kujua. Rubani alikuwa yule yule aliyenipeleka, nikamsubiri ashuke, nikamuuliza kama ni upepo uliotusukuma. Akacheka. Alisema upepo umetulia siku zote hizi, na kwenda ni kama nusu saa, na kurudi ni nusu saa, hazipitani.

Nimeliwaza sana jambo hili. Kwenda nilikuwa na hofu, nikasoma mbio, hata panapovutwa sauti sikuvuta. Na wewe, mama, wajisifu kuwa kwenye feri ya Likoni Yasini waimaliza kabla ya kufika ng'ambo. Sasa nimejua ni kwa nini.

Kwa hiyo idadi sina ya kukupa. Ninalokuomba ni ukae dirishani.

Mkwe wako Hamadi akusalimu sana, na mamake asema chumba chako keshakifagia. Nisalimie wifi yangu, mke wa Salim, na jirani yetu Bi Mwanakombo wa mahamri, mwambie ya huku hayafikii yake.

Kuna moja sikulisema kwenye simu. Mkunga wa hapa ni hodari, na mamake Hamadi ananipenda, lakini naogopa, mama. Naogopa kuzaa bila wewe. Uchungu ukinishika najua nitasoma mbio mpaka aya zinipotee. Nataka uwe umekaa kichwani pangu, unisomee wewe.

Mwanao akupendaye,
Zuhura