Utepe Umefika Kijani

Jumatano, baada ya magharibi

Kijani! Bado naiona mbele ya macho yangu.

Mwezi uliopita kliniki, utepe wa kupimia unene wa mkono wa mwanangu Zuhura uliishia kwenye njano, dalili ya utapiamlo. Nesi akaniambia ukifika nyekundu, mtoto atalazwa. Nilirudi nalia, maana mtoto alikuwa anashiba. Kila siku uji wa mchele, bakuli zima! Kamba anaovua baba yake tulikuwa tunauza wote.

"Mama Zuhura, kushiba siyo lishe," nesi alisema.

Basi nikaanza kumtilia kamba wakavu wa kusaga kwenye uji. Mchana matembele na maharage, papai, na yai. Mama mkwe akacheka: "Yai kwa mtoto? Haya, lea mwizi wa kuku!" Nikaendelea kuponda yai.

Leo utepe umezungushwa tena, nikafumba macho. Nesi akaniambia nitazame mwenyewe.

Vyakula vyote hivyo vilikuwa humu humu nyumbani, na mimi sikujua. Ningechelewa kidogo...

Amelala sasa. Nimeuminya mkono wake taratibu, una nyama. Subhanallah, chakula kimegeuka mtoto.