Hatua Kumi na Moja kutoka Jicho la Maji

Jumamosi, mwisho wa kiangazi. Murungu.

Kosa ambalo wengi wetu hulifanya ni kudhani kwamba kutunza mazingira ni kuyafanya yapendeze machoni. Tukisikia neno mazingira tunatafuta fagio, panga la kufyekea na kamba ya kunyooshea mistari. Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe, nikiwa na cheti ukutani na filimbi shingoni. Leo nimelikiri mbele ya watu.

Tangu asubuhi mbingu imekuwa na rangi ya majivu. Vilima vya ng'ambo vilichomwa moto juzi na moshi bado umelala bondeni. Mawingu yamepita mara mbili, hayakushusha kitu. 

Nieleze kwanza, kwa anayefika hapa mara ya kwanza. Nilifundisha shule ya msingi huku Murungu, wilayani Kibondo, mpaka nilipostaafu. Tangu hapo, kila Jumamosi nina darasa kwenye chemchemi ya bondeni, ambayo kwa Kiha watu huiita iriba. Darasa halina madawati wala daftari la mahudhurio. Watoto huja na madumu, mama zao huja na ndoo, na foleni ya maji inaposogea mimi hufundisha. Mdudu gani ukimwona ujue maji ni safi. Nyuki wanatafuta nini kwenye tope. Kwa nini majani ya ukingoni yasikatwe. Wakubwa hujifanya hawasikii, kisha huuliza maswali mengi kuliko watoto.

Mwaka huu nilianza kujivuna. Zamani watu walinisikiliza kidogo wakajitwisha ndoo zao wakaondoka. Siku hizi wanakaa mpaka jua linapanda utosini. Nikajiambia kwamba nimekuwa mwalimu bora uzeeni.

Jumamosi mbili zilizopita nilimwambia hivyo Butoyi, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mama wa watoto watatu. Nilimwambia nafurahi kuona watu wamelipenda somo.

"Mwalimu jamani!" akasema. "Somo ni zuri, sikatai. Lakini hatukukalii wewe, tunaikalia ndoo. Maji yenyewe siku hizi yanatoka kama machozi ya mtu anayejizuia."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Mwacheni mzee wa watu, alikuwa ameshaanza kunenepa kwa furaha!"

Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani sikula.

Foleni ilikuwa imerefuka kwa sababu maji yanakufa, na mimi niliihesabu kuwa mafanikio yangu.

Jumamosi iliyofuata niliwapa watoto kazi ya kupima. Sheria ya nchi inataka shughuli za watu zikae mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji. Niliwaambia waanzie kwenye jicho la maji, pale yanapotokea ardhini, wahesabu hatua mpaka mti wa kwanza uliopandwa na mtu. Zawadi, binti wa Butoyi, alihesabu kwa sauti, akasimama ghafla mbele ya mkaratusi mkubwa.

"Kumi na moja tu! Mwalimu, nani alipanda mti hapa?"

Nilimwambia ahesabu tena.

Jibu nilikuwa nalo. Miaka mingi iliyopita nililileta darasa zima hapa kwa ajili ya usafi wa mazingira. Palikuwa na mivumu miwili mikubwa, miti ya jamii ya mkuyu, na matete, na majani mengi yaliyosongamana. Kwangu mimi yalikuwa machafu. Tulifyeka kila kitu. Mivumu tuliiangusha kwa sababu haikukaa kwenye mstari. Kisha nikafunga kamba, tukapanda mikaratusi, kila mtoto na mche wake, na kila mche ukapewa kibao chenye jina la aliyeupanda. Ukaguzi ulipofika, wageni walisifu. Nilipeana nao mikono, nikajiona nimefanya kazi kubwa.

Mkaratusi si mti mbaya. Kilimani unafaa sana, kwa kuni na kwa nguzo. Lakini unakua haraka kwa sababu unakunywa sana, na wakati wa kiangazi hauangushi majani ukapumzika, bali unaendelea kunywa. Ukiuweka kwenye jicho la maji umeuweka mezani. Mvumu hutandaza kivuli na mizizi yake huushika udongo, maji yakapata pa kutulia. Haya yote niliyajua baadaye, nikayafundisha kwingine, lakini hapa nilinyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu ya mti mmoja.

Butoyi alizaliwa pacha. Pacha mwenzake, aliyetangulia kuzaliwa, aliitwa Bukuru. Walipanda miche yao bega kwa bega, wakitaniana nani atakuwa na mti mrefu. Bukuru aliugua ghafla akafariki akiwa bado kijana. Kibao chake kilishaoza zamani, lakini mti unajulikana. Mama yake, ambaye mpaka leo tunamwita Mama Bukuru, hupita hapa kila Jumapili akitoka kanisani, akaweka kiganja kwenye gome, akasimama kidogo, akaenda zake.

Serikali ya kijiji imekwisha kuridhia mikaratusi ikatwe, kwa sharti kwamba familia ya kila aliyepanda ikubali. Familia zote zimekubali isipokuwa hiyo moja. Na mti wa hatua kumi na moja ndio wa Bukuru. Ukikata mingine yote ukauacha huo, chemchemi bado itakufa.

Leo Mama Bukuru alikuja na ndoo yake, akakaa kwenye foleni kama wengine. Nilikuwa nimepanga somo kuhusu vyura. Nilipomwona nikaliacha.

Nilisimama mbele ya watoto na wakubwa nikawaambia: waliofyeka hapa ni watoto, lakini aliyewatuma ni mimi. Aliyeangusha mivumu ni mimi. Mstari huu mnaouona ni kamba yangu. Nilidhani nasafisha, kumbe nilikuwa nayavua maji nguo. Nilijua kosa langu miaka mingi, nikaona aibu kulisema.

Tone lilikuwa likianguka ndani ya dumu la Zawadi, na kila mtu alilisikia.

"Kwa hiyo," akasema Mama Bukuru, taratibu, "mwanangu ndiye anayekunywa maji yetu?"

"Hapana, Mama Bukuru. Mwanao alifanya alichoagizwa."

"Siku ile mnafyeka nilipita hapa. Nilikuuliza mbona mnaangusha mivumu. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nikakiri kwamba nakumbuka. Nilimwambia inaficha nyoka.

"Na ukaongeza," akasema. "Ukaniambia, 'Mama, haya ni mambo ya kitaalamu.'"

Niliinamisha kichwa. Nimesoma, nimefundisha, nimepewa kanga na redio siku ya kustaafu, lakini thamani ya mivumu yeye aliijua kabla yangu.

Butoyi akajitokeza. Akamwambia mama yake waanze na mti wake yeye, ulio pembeni ya ule wa pacha wake. Ukatwe kwanza, mama aone, kisha aamue polepole.

"Wewe upo," Mama Bukuru akamjibu. "Wako ukikatwa, wewe bado upo."

Butoyi akafunika mdomo kwa ncha ya kanga. Nikaona ni afadhali niseme basi, tuliache jambo hili, watu wachote maji yao waende nyumbani. Nilikuwa nimefungua kinywa. Mama Bukuru hakuwa akinitazama. Alikuwa anatazama dumu la mjukuu wake. Tangu tulipoanza kuzungumza, halikuwa limefika hata nusu.

Akamuuliza Zawadi, "Umekuja saa ngapi?"

"Jua lilikuwa halijatoka, bibi."

Bibi akainuka, akauendea mti, akaweka kiganja pale anapokiweka siku zote. 

"Bukuru alikuwa anakuja hapa kuchota maji," akasema. "Ninayeujia mti ni mimi."

Kisha, bila kugeuka: "Kateni. Lakini mwalimu aanze."

Shoka likaletwa. Mikono yangu ilizoea chaki. Pigo la kwanza liliteleza kwenye gome, la pili likaingia, la tatu likanitoa machozi, nikasingizia jasho. Wanaume walioleta shoka wakanipokea. Mti ulipoanguka, uliangukia upande wa kilima, mbali na maji, kama walivyopanga. Mama Bukuru aliomba akatiwe kipande cha shina apate kukikalia nyumbani. Butoyi alikibeba kichwani, na mtu mwingine akawabebea ndoo. Mti wa Butoyi na mingine tutaikata wiki ijayo.

Naandika haya jioni, mabega yanauma. Sitaki kumdanganya anayesoma: maji hayakurudi leo. Pengine yatachukua misimu kadhaa, na pengine hayatarudi yote. Kisiki cha mkaratusi nacho kitachipua, kwa hiyo watoto wamegawana zamu ya kuyang'oa machipukizi kila Jumamosi. Mvua ikishika tutasimika matawi ya mvumu, bila kamba. Majani ya ukingoni tutayaacha yasongamane yanavyotaka.

Jambo moja haliniachi. Kama ningekiri mapema, wakati shina la mti ule lilikuwa bado linaenea kwenye kiganja, Mama Bukuru asingelazimika kumzika mwanawe mara ya pili. Aibu yangu ililindwa na mwanamke ambaye hakujua anailinda.

Jumamosi ijayo nitafundisha vyura. Natumaini iko siku ndoo zitajaa upesi na somo litakuwa fupi.

Na wewe unayesoma hapa, leo nenda kwenye chemchemi au kisima unachochota maji, simama kwenye jicho la maji, uhesabu hatua mpaka mti wa kwanza uliopandwa kwa mkono wa mtu.