Kinanda cha Papa Kambale na Mtandao wa Bwera

Bwera, Jumamosi jioni. Mvua imekoma, milima imejitokeza, nguo zangu bado mbichi kambani.

Shajara yangu, leo nimeridhika. Naandika upesi kabla sijapata sababu ya kulalamika, maana unanijua.

Wiki nzima nilikuwa nagombana na faili moja la muziki. Papa Kambale, aliyenifundisha kinanda pale parokiani kwa miaka sita tangu alipokimbia vita, anarudi kwao Butembo, Kongo, Jumatatu. Watoto wake wamemwita. Na kwa miaka yote hiyo amekuwa akinisimulia muziki mmoja wa kinanda, wa Wazungu wa kale, aliokuwa akiupiga misheni enzi za ujana wake. Karatasi za nota zilibaki kule alikoacha kila kitu. Jina la muziki wenyewe amelisahau. Hajausikia tena.

Nikajiapiza: hatavuka mpaka pale Mpondwe kabla hajausikia.

Kuutafuta kulikuwa kazi ya likizo nzima. Nilimrekodi akiuimba mdomo umefungwa, kisha nikawa naingia kwenye duka la muziki la mtandaoni na kusikiliza vile vipande vya nusu dakika wanavyotoa bure. Kwa mtandao wangu, nusu dakika ya muziki ni dakika nne za kungoja. Nilichemsha maharagwe mangapi huku nikisikiliza vinanda vya watu! Nilipoupata nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Hapa lazima nikiri. Duka lilikuwa na faili dogo na faili kubwa, bei tofauti kidogo tu. Dogo lingeshuka huku nikifagia uwanja. Mimi nikachukua kubwa, lile ambalo sauti haijabanwa hata kidogo, karibu giga nzima, eti Papa asikie hadi pumzi ya kinanda. Kilikuwa kiburi tu. Na ukishachagua huwezi kubadili, na unaruhusiwa kulipakua mara tatu, basi.

Jumanne mvua ilikata umeme. Moja imekwenda.

Alhamisi nilijipanga. Nilinunua kifurushi cha data cha asubuhi, kile kinachokatika saa sita kamili. Rauta nikaiweka kwenye dirisha la upande wa mto, ndiko inakopata nguvu, na simu nikailaza kando yake. Kompyuta ikasema itachukua saa mbili na dakika arobaini. Simu ikasema sasa ni saa mbili na nusu. Nikapiga hesabu: tutamaliza saa tano na dakika kumi, na muda utabaki. Nikaketi na chai yangu.

Kwenye asilimia tisini na nne, kimya.

Nilitazama simu: saa tano. Nikatoka nje kumuuliza jirani, akaniambia saa sita. Nikajua hapo hapo. Simu ilikuwa imeshika mnara wa Kongo ng'ambo ya mto, na ikarudi nyuma saa moja kama inavyofanya siku zote ikikaa dirishani. Mimi! Mimi mwalimu, ninayewagombeza wazazi kila muhula kwa kuja kikaoni na saa ya Kongo!

Nililia kidogo. Sitakuficha.

Ilibaki nafasi moja. Jana nikabeba kompyuta nikaenda Kasese kwa binamu yangu Biira, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, ambaye kadi yake ya benki ndiyo niliyotumia kulilipia faili. Yeye amevutiwa waya wa intaneti hadi mezani. Nilipomweleza mkasa wangu alicheka akashika kaunta.

"Bambi, pole Masika! Ulikuwa natumia saa ya Congo kwa data ya Uganda? Nyinyi watu ya Bwera mutaniua!"

Nilibonyeza kupakua huku nimefumba macho. Nilikuwa nimebeba chakula cha mchana na sweta. Nilipofumbua, Biira alikuwa tayari anamhudumia mteja mwingine.

"Lakini ilimaliza zamani," akasema. "Ulikuwa naomba nini?"

Dakika mbili hazikutimia. Niliona furaha, halafu wivu, halafu njaa. Nikala chakula changu pale pale dukani.

Leo, mazoezi ya kwaya yalipokwisha, nilimwomba Papa, aliyekwisha kuvaa kofia aondoke, abaki kanisani. Nikaunganisha kompyuta kwenye spika ya kwaya. Sikumwambia kitu.

Nota ya tatu haikumaliza kulia, akavua kofia.

Alisikiliza amesimama, vidole vikitembea juu ya mgongo wa benchi. Niliogopa kumtazama usoni, nikawa natazama vidole. Katikati ya muziki vikaanza kubaki nyuma. Muziki ulikuwa unamkimbia, akawa anaruka sehemu ili aufikie. Nikawaza, maskini, uzee. Muziki ulipokwisha nikajiuliza: je, nimekosea? Si wenyewe?

"Iko ule ule," Papa akasema. "Mungu akubariki, mutoto yangu. Lakini ule mutu anapiga mbio sana."

"Mbio, Papa?"

"Mie nilikuwaka napiga polepole. Kinanda yetu ilikuwa ya kuvuta upepo na mukono, na muzee wa kuvuta alikuwaka anachoka. Ukipiga mbio, upepo inaisha, na muzee anaumia kifua. Basi nilikuwa namungojea. Watu bakazoea. Hata mie nikazoea."

Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Miaka sita amekuwa akinigonga bega, "polepole, Masika, acha kinanda ipumue," nami nilidhani ni mwendo wa mtu mzima. Kumbe nimefundishwa kumngojea mzee mmoja nyuma ya kinanda, mtu nisiyemjua hata jina.

Nikamwomba aupige. Alikaa kwenye kinanda chetu cha umeme, ambacho hakihitaji mtu wa kuvuta chochote, akaupiga kwa mwendo wake. Pale upepo ulipokuwa ukiisha alisimama kidogo, akangoja, akaendelea. Nilimrekodi kwa simu. Lori limepiga honi katikati, na kuku wa katekista amesikika mara mbili.

Faili hilo ni dogo. Nimemtumia Biira kwa mtandao huu huu wa nyumbani, na limefika kabla sijavua viatu. Amejibu kwamba analipigia wateja dukani. Lile kubwa nimemwekea Papa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu yake, akawasikilizishe wanawe. Nilipogombana nalo wiki nzima sikujua kwamba kazi yake ingekuwa kumkalisha yeye kwenye kinanda. Silijutii hata kidogo.

Kesho Misa napiga mimi, naye atakaa benchi la mbele kama muumini wa kawaida. Tulipoagana mlangoni akaniuliza Misa ni ya saa ngapi. Nikamwambia saa tatu.

"Ya Uganda ao ya Kongo?"

"Ya huku, Papa."

Akacheka, akavaa kofia, akashuka zake.

Nitammisi. Nimeliandika, basi limeshasemwa.

Rauta nitaihamishia dirisha la upande wa barabara, huko nguvu ni kidogo, lakini faili dogo hupita. Ila simu, kuanzia Jumatatu jioni nitailaza pale pale upande wa mto. Nikiitazama nitajua kwa Papa ni saa ngapi.