Nilivyoyahukumu Maziwa ya Mama Keza kwa Simu

Jumanne, Gisenyi. Mvua imekatika saa hizi za jioni, ziwa lina rangi ya sufuria kuukuu, na mimi sina raha hata kidogo.

Wacha niseme kabla sijaanza kujitetea: nimemharibia mtu jina. Nimefanya hivyo nikiwa nimekaa, nakunywa chai.

Simu imenitoa mbali. Nilianza na beseni la karoti za Kanzenze kichwani, navuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Goma kila asubuhi, bila mume wa kunisaidia wala mkopo wa benki. Katika kila magunia manne, moja liliniozea. Sasa napiga picha, natuma kwenye magrupu yangu matatu, na wamama wa Goma wanaagiza kabla sijafunga gunia. Haliozi hata moja. Donc asije mtu kunihubiria kwamba intaneti ni ya shetani. Intaneti ndiyo inayosomesha watoto wangu.

Lakini jana asubuhi iliingia sauti ya mwanamke nisiyemjua, pamoja na picha ya mabido ya njano, madumu ya maziwa, yamepangwa chini. Alisema maziwa yanayotoka Gisenyi yanatiwa dawa yasichache, na mtoto mmoja kule Goma amelazwa. Bido moja lilikuwa na kitambaa cha bluu kwenye kifuniko. Jirani yangu Mama Keza, anayeuza maziwa ng'ambo, hufunga kitambaa cha bluu.

Nikaisambaza kwenye magrupu yote matatu. Chini yake nikaongeza maneno yangu: "Huyu namfahamu. Mujihadhari."

Sikwenda hata kumwuliza.

Na kuna kibaya zaidi. Wateja watatu waliniuliza kama naweza kuwatafutia maziwa kwingine.

Nikakubali.

Leo mchana Mama Keza amerudi kutoka Goma na mabido yamejaa kama alivyoondoka nayo. Amesimama mlangoni kwangu, hakupiga kelele.

"Weye Mama Aline, maziwa yangu unakunywaka toka zamani. Leo umeionjea ku simu?"

Nikamwambia mi sikuanzisha, nilituma tu kile kilichotumwa, watu wengi wametuma.

"Bale wengine hawanijue. We unanijua. Njo maana walikuamini."

Akafungua bido, akamimina kwenye kifuniko, akanywa yeye kwanza, kama wauzaji wa maziwa wanavyomfanyia kila mteja pale mpakani. Akafunga, akaenda zake.

Alipoondoka ndipo nikaitafuta ile picha mtandaoni. Haikunichukua muda. Ipo kitambo, imepigwa mji mwingine kabisa, na watu walishaeleza chini yake kwamba ile habari ni ya uongo. Simu ileile ingeniambia jana. Sikuiuliza.

Nimeandika masahihisho. Magrupu yangu yana watu mia sita na ushee. Mpaka sasa waliosoma ni arobaini na mmoja. Wawili kati yao wanauliza Mama Keza amenipa nini ili nimtetee. Lile onyo la jana limeshafika kwa watu ambao hata siwajui, na bado linatembea, na maneno yangu yamo ndani.

Ninakereka, sifichi. Aliyerekodi ile sauti hakuna anayekwenda kusimama mlangoni kwake. Lakini yeye hakumjua mwenye kitambaa cha bluu. Mimi ndiye niliyeupa ule uongo sura ya jirani yangu.

Zile oda tatu za maziwa nimezifuta. Kesho karoti zisubiri. Nitavuka naye, akikubali, nisimame kando ya mabido yake na kuwaambia wateja kwa mdomo kwamba nilisema nisichokijua. Hesabu naiona: aliyedanganya kwenye maziwa, karoti zake nani ataziamini? Nitapoteza wateja. Sijui wangapi. Basi, niwapoteze.

Ila kesho ni mbali. Sasa hivi nasikia uani kwake maziwa yanamwagwa, bido la kwanza, halafu la pili.

Navaa kandambili. Naenda kubisha hodi.