Kitasa Kipya

Wifi yangu,

Natumaini mafua yamekuachia. Hapa cherehani imegoma tena, na fundi ni yuleyule wa kesho, kesho. Kitasa kipya ulichotuwekea baada ya mazishi ya kaka yako kinafunguka vizuri.

Ile kliniki uliyonitafutia kwa ajili ya hofu ya nyuki naenda kila Jumanne. Wananivalisha miwani mikubwa, na ndani yake unaona nyuki wamekuzunguka kama kweli. Wiki tatu niliwatazama bila sauti, nikapigiwa makofi. Juzi mtaalamu akaniwekea spika masikioni, akafungulia mvumo wao.

"Dada, achia mlango!" nikamsikia mtaalamu akipiga kelele. "Hao si wa kweli!"

Nilikuwa nimeshatupa miwani. Nilikuwa nimeng'ang'ania kitasa cha mlango wa chumba chake kwa mikono miwili, nikivutia ndani, ili aliye nje asifungue. Nje hakukuwa na mtu.

Wifi, siku ile kaka yako alinigongea mlango wa nyumba, nyuki wamemjaa kichwani, akaniita nimfungulie. Niliogopa wangeingia naye. Msibani ulinitetea, ukawaambia watu kitasa kilikwama.

Hakikukwama.

Ni mimi,
mke wa kaka yako