Kidole Changu Hakikuwemo

Shoga, acha unachofanya, soma hii.

Unakumbuka kile kitasa cha alama za vidole alichoweka mume wangu mlangoni? Kile kinachonikataa? Wiki sita nabisha hodi kwangu mwenyewe, nakaa barazani na mizigo mpaka mtu anifungulie!

Na yeye ananiambia, "Mke wangu, sabuni imekula vidole vyako. Hiyo kazi yako ya kufua." Nikaamini! Nikawa najipaka mafuta vidoleni kila asubuhi. Funguo za zamani nilimkabidhi mwenyewe, kwa mkono wangu huu.

Leo fundi kaja kubadilisha betri. Nikamwomba asafishe na pale pa kugusa, labda kitanitambua. Akafungua orodha ya vidole, akaniangalia. Kisha akasema, "Mama, wewe hujawahi kusajiliwa."

Hujawahi, shoga. HUJAWAHI!

Yeye yumo. Mama mkwe yumo. Wifi yangu, anayekuja mara moja kwa mwezi, yumo na vidole viwili! Mimi ninayedeki hiyo baraza simo.

Fundi akanisajili palepale. Nikagusa mara moja tu, mlango ukafunguka. Nililia mbele ya mtu wa watu.

Nikamwambia afute vingine vyote.

Sasa hivi mume wangu yuko nje. Anabonyeza, anafuta kidole kwenye shati, anabonyeza tena. Anaita, "Mke wangu, mbona kinanikataa?"

Nimemjibu kupitia dirisha: paka mafuta.